Vumbi jeusi, barabara nyeupe

Greda lilipita mtaani kwetu Ndosho, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, asubuhi, likasawazisha changarawe ya volkano, na kabla ya saa kumi jioni malori ya mchanga yalishapanda juu yake. Wiki mbili baadaye mvua ilipiga usiku kucha. Kulipokucha, chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma, ilikuwa imelala ubavu ndani ya shimo lile lile la zamani, viazi vimetapakaa. Tangu siku hiyo nasoma habari za barabara za watu wengine, na zilizonishangaza kuliko zote ni za Antaktika, zinazojengwa kwa theluji. Kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyoona kilio chetu cha lami kinatupotosha. Tunakosa kushindilia, na zaidi tunakosa kungoja.

Theluji iliyoanguka tu haibebi gurudumu. Kwa hiyo wajenzi wa huko huivuruga kwanza: huisaga na kuilima ili chembe zivunjike, kisha huipitishia rola nzito, safu juu ya safu. Halafu huiacha. Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika, maana chembe zilizosagwa na kubanwa hushikana zenyewe kwa baridi, na kila saa inayopita zinakuwa ngumu zaidi. Ukiwahi kupitisha magurudumu, unavunja kilichokuwa kinaungana. Hivyo ndivyo ulivyojengwa uwanja wa ndege wa Phoenix, karibu na kituo cha Wamarekani cha McMurdo. Kabla ya kuuamini, waliburuta juu yake mkokoteni mzito ulioiga uzito wa magurudumu ya ndege. Mwaka 2017 ndege kubwa ya mizigo aina ya C-17 ikatua, kwa matairi ya kawaida, juu ya theluji.

Uwanja uliotangulia Phoenix uliitwa Pegasus. Huo ulikuwa wa barafu, umefunikwa tandiko jembamba la theluji nyeupe ili jua lisiupate. Ulifungwa mwaka 2016. Kilichouua ni vumbi jeusi la kisiwa cha jirani, Black Island, ambacho nacho ni cha volkano. Upepo ulilileta, likanywa joto la jua, barafu ikayeyuka chini yake. Mtu wa Goma akisoma hapo lazima acheke kidogo. Vumbi kama hilo tunalifuta mezani kila asubuhi! Na juu ya McMurdo umesimama mlima Erebus, wenye ziwa la lava kama Nyiragongo wetu. Sisi Januari 2002 lava ilishuka hadi uwanja wa ndege, ikafunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege zikabaki na kipande kilichosalia. Wao jirani yao amewaharibia kwa vumbi tu, wakahamia mahali pengine wakaanza upya.

Kuna pia njia ya kutoka McMurdo hadi Ncha ya Kusini, kama kilomita 1,600, iliyotafutwa kwa misimu kadhaa kuanzia 2002. Nyufa za barafu zilifunguliwa kwa baruti na kujazwa theluji, kisha njia ikawekewa bendera. Matrekta huburuta mafuta ndani ya mifuko mikubwa iliyolazwa juu ya mashuka ya plastiki yanayoteleza. Naiona kama chukudu isiyo na magurudumu. Lakini njia hiyo haimaliziki: upepo huifukia, barafu husogea, na msimu ukifika watu hurudi kuikagua na kuitengeneza. Hakuna anayekata utepe na kwenda zake.

Najua mtu ataniambia kule hakuna soko, hakuna mvua ya Goma, na fedha ni za serikali tajiri. Kweli. Ila theluji ni dhaifu kuliko jiwe letu, nao wameifanya ibebe ndege. Sisi jiwe tunalo hadi uani.

Juzi greda lilirudi. Nilimfuata kijana wa rola, nikamwuliza kama safari hii watafunga njia hata siku mbili tatu, na kama watapita mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Akanitazama kwa huruma.

— Papa, tukifunga, wamama watapitisha wapi makaa?

Nikageuka kutafuta njia ya pembeni nimwonyeshe. Haikuwepo.