Niliongeza Baa, Nikapata Baa

Kwa kuwa jamaa yangu, ambaye tangu juzi jioni hana kazi nyingine, ameshawasimulia nusu yenu kwamba gari langu lilikwenda kichurachura barabarani huku mwenyewe nikimwita mama yangu mara tatu, nimeona afadhali niyaseme haya kwa kinywa changu kabla hadithi haijaota mkia mwingine. Nianze na sahihisho dogo. Nilimwita mama mara mbili. Sauti ya tatu ilikuwa yake.

Gari lenyewe mnalijua, maana sijawahi kunyamaza kulihusu: ni Porsche 911 Turbo ya mwaka 1979, ile ambayo wapenzi wake huiita 930, yenye injini ya lita 3.3, nguvu za farasi 300 na gia nne tu, na injini hiyo imening'inizwa nyuma kabisa, baada ya ekseli, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Ni gari lililobatizwa jina la utani la Mfanya Wajane, kwa sababu turbo yake, ile feni inayoisukumia injini hewa, husinzia, husinzia, kisha huamka yote kwa mkupuo, na dereva anayeshtuka katikati ya kona akaondoa mguu kwenye mafuta hujikuta akitazama alikotoka. Mke wangu aliwahi kuniuliza kuhusu jina hilo. Nilimwambia ni la gari jingine.

Shida yangu ilikuwa westigeti, kile kifaa kinachoizuia presha ya turbo isizidi. Ya zamani ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya miaka 40, springi yake imechoka, na diaframu, kile kiwambo chembamba kinachosukumwa na hewa, imekauka kama ngozi ya ngoma, kiasi kwamba presha iliyopaswa kufika baa 0.8, kama kiwanda kilivyokusudia, ilikuwa ikifika 0.6 na kujishukia yenyewe bila kuulizwa. Nikaagiza mpya ya kisasa, yenye vali ya milimita 46 na springi ya baa 1 kamili. Kipimo cha presha huitwa baa, na tangu nianze kujifunza mambo ya turbo sikuwahi kujiuliza kwa nini Mswahili akiwa na msiba mkubwa naye husema amepatwa na baa. Sasa najua. Ni kitu kilekile, tofauti ni upande gani wa usukani umekaa.

Kwa wale wageni ambao mmeletwa hapa na kicheko tu, westigeti ni mlango. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha turbo, turbo husukuma hewa ndani ya injini, hewa ikizidi mafuta nayo yanazidi, na yakizidi moshi unazidi, na moshi ukizidi turbo inakwenda kasi zaidi, hivyo mzunguko huo ungeendelea hadi pistoni ziyeyuke kama hakuna wa kuuambia basi. Wa kuuambia basi ni westigeti. Presha ikifika kiwango kilichowekwa, hewa kidogo hupita kwenye mpira mwembamba, huinyanyua diaframu, vali hufunguka, na sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuigusa turbo. Mambo yote haya nilimweleza jamaa yangu usiku wa kuamkia tukio, kwa muda wa saa nzima, nikichora kwa chaki kwenye sakafu ya gereji. Naomba mkumbuke hiyo chaki.

Kuitoa ya zamani kulinichukua jioni mbili. Bolti za bomba la moshi lililopashwa moto na kupoa kwa miongo minne hazifunguki kwa spana; hufunguka kwa subira, mafuta ya kulainisha kutu, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Moja ilikatika na kubaki ndani, nikaichimba kwa keekee nikiwa nimelala chali, vumbi la chuma likinidondokea machoni. Nilipomaliza nilijiona fundi wa kiwandani. Nadhani ni hapo ndipo kiburi kiliponiingia, maana bolti zote zile zenye grisi nilikuwa nimezipanga vizuri juu ya karatasi ya maelekezo ya westigeti mpya, na nilipokuja kuitazama, mchoro wa kuonyesha mpira unafungwa wapi ulikuwa doa jeusi lenye umbo la nati. Nikasema si neno. Mtu aliyechimba bolti hawezi kushindwa na mpira.

Sasa, westigeti ya zamani ilikuwa na mahali pamoja pa kuunganisha mpira wa presha. Mpya ilikuwa na matundu mawili: moja ubavuni, chini ya diaframu, na jingine juu kabisa kwenye kofia. Kwenye boksi palikuwa na kizibo kimoja. Nilikaa nikafikiri, na hiyo fikra nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kuipamba. Nilijiambia kwamba vali inafunguka kwa kusukumwa, kitu husukumwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo presha lazima iingie juu. Nikafunga mpira kwenye tundu la juu, nikaukaza kwa klipu, na lile tundu la ubavuni nikaliziba kwa kizibo, nikakikaza zaidi, ili pasivuje.

Mafundi mlioko humu mmeshashika vichwa, naomba mvumilie. Kwa faida ya wengine: presha inayoingia ubavuni hufungua vali. Presha inayoingia juu huisaidia springi kuifunga. Nilikuwa nimechukua mlinzi wa mlango na kumpa amri kwamba kadiri watu wanavyozidi kusukuma, ndivyo azidi kuegemea mlango kwa bega. Na mchoro wangu wa chaki, ambao jamaa ameupiga picha na kuutunza, unaonyesha waziwazi mshale wa hewa ukiingia chini ya diaframu. Niliufundisha ukweli usiku, nikafunga uongo asubuhi.

Kitu kingine mnachopaswa kujua ni kwamba sikutaka moshi wa westigeti urudi kwenye sailensa kama zamani. Niliuwekea kibomba chake chenyewe kinachotoka nje moja kwa moja, ili vali ikifunguka pasikike ule mngurumo ambao nilikuwa nimeuota kwa miezi. Nilimwahidi jamaa mngurumo. Nilimwambia aweke simu tayari, arekodi geji na arekodi sauti, maana mtu hufunga westigeti yake ya kwanza mara moja tu maishani. Geji hiyo ni ya ziada, niliifunga mahsusi kwa siku hiyo, na mshale wake ni mwekundu.

Tulichagua barabara iliyonyooka, isiyo na gari mbele wala nyuma. Gia ya tatu. Nikakanyaga mafuta hadi chini.

Mwanzoni hakuna kinachotokea, ndiyo tabia ya gari hili, na niligeuka nikamtazama jamaa kwa utulivu wa mtu anayejua asichojua mwenzake. Mizunguko ya injini ikafika 3,000 kwa dakika. Kwenye 3,500 mgongo ukaanza kuzama kwenye kiti, na nyuma yetu turbo ikaanza kupiga mluzi. Mshale mwekundu ukapita 0.4. Ukapita 0.6, ambako westigeti ya zamani ilikuwa ikikata tamaa, na nikasikia raha ambayo sijui kama nitaisikia tena. Ukafika 0.8. Hapo nikaondoa mkono mmoja kwenye usukani, nikainua kidole cha shahada, nikainamisha kichwa upande kidogo kama shehe anayesikiliza mwanafunzi wake akisoma, na nikasema, kwa sauti ambayo sasa nimeisikia kwenye video mara nyingi kuliko ninavyotaka, "Sikiliza."

Tukasikiliza. Hakukuwa na mngurumo. Mshale ukafika 1.

"Mbona kimya?" akauliza jamaa.

"Subiri," nikasema. Kidole bado kiko juu.

Mshale ukafika 1.1. Mluzi ulikuwa umegeuka kuwa aina ya kilio. Mtu mwenye akili angeng'amua kwamba mlango usiofunguka kwa wakati haujachelewa, umefungwa. Mimi niliwaza kwamba labda springi mpya bado ni ngumu. Mshale ukaendelea kupanda. Kidole juu. Kwenye video utaona jicho la jamaa likihama kutoka kwenye geji kwenda kwenye kidole, kisha likirudi kwenye geji, kisha likitafuta kitasa cha mlango.

Wahandisi waliolitengeneza gari hili, Mungu awabariki, walijua kwamba siku moja litaangukia mikononi mwa mtu kama mimi. Waliweka swichi inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, na presha ikizidi kupita kiasi, swichi hiyo huikata pampu ya mafuta papo hapo. Haipunguzi, wala haitoi onyo. Inakata.

Tulikuwa tunasukumwa nyuma na nguvu ambazo sina hesabu yake, na ghafla hazikuwepo. Vichwa vyetu viwili vikaenda mbele kwa pamoja kama watu wanaokubaliana jambo. Hapo ndipo nilipomwita mama mara ya kwanza. Nyuma yetu yale mafuta yaliyokuwa yamebaki bila kuungua yakakutana na bomba la moshi lililokuwa jekundu kwa joto, na likapiga risasi moja ya haja, ndege wote wa mti wa jirani wakahama.

Mngedhani nimeondoa mguu. Sikuuondoa. Katika dakika ile kichwa changu kilikuwa na usia mmoja tu, ambao kila mwenye 930 hupewa kabla ya funguo: usiondoe mguu ghafla, nyuma itakuja mbele. Usia huo ni wa kona. Barabara ilikuwa imenyooka kama rula. Mimi nikazidi kukanyaga. Na kwa kuwa injini ilikuwa imepoteza nguvu, presha ikashuka. Iliposhuka, swichi ikaridhika na pampu ikarudi. Iliporudi, turbo iliyokuwa bado inazunguka ikatusukuma tena kwa nguvu zake zote. Na mshale ukapanda tena, na swichi ikakata tena. Mbele, nyuma, risasi. Mbele, nyuma, risasi. Kichurachura ni neno sahihi, sina la kupinga. Na katika muda wote huo, kutokana na sababu ambazo hata mimi nazitafuta, kidole kilikuwa kimebaki juu, ila sasa kilikuwa kikigonga kioo cha kutazamia nyuma kila tulipoinama.

Mara ya tatu jamaa alimwita mama yangu. Hata si mama yake. Alisema alishtuka akashika jina lililokuwa karibu.

Kisha injini ikazima, tukateleza kimyakimya hadi pembeni, na mzee mmoja wa baiskeli ambaye tulikuwa tumempita kwa mbwembwe akatupita taratibu, akasalimia, akaendelea na safari yake.

Yaliyofuata ni machache. Injini ilikataa kuwaka kwa muda, tukasukuma, ikawaka, tukarudi gereji kwa mwendo wa maziko. Sailensa ilikuwa imepasuka kwenye mshono. Pistoni ziko salama, kwa hisani ya swichi. Nilimwita fundi ninayemheshimu sana, akainama, akachungulia kwa tochi, akauliza nani aliyefunga mpira huu. Nikasema nadhani ulikuja hivyo. Jamaa akamwonyesha picha ya mchoro wa chaki. Fundi akahamisha mpira kwenye tundu la ubavuni, akaliacha la juu wazi lipumue, akaniwekea kizibo mkononi mwangu na kunifunga vidole juu yake, kama anavyofungwa mtoto aliyepewa sarafu. Hakufikisha dakika mbili.

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia jamaa kwamba turbo imewaaibisha wengi kabla yangu; kwamba Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wa kawaida kuuzwa na turbo, ilikuwa na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli ambalo lilipaswa kujazwa kila mara, na wenye magari wengi walisahau kulijaza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu, "Wale walisahau. Wewe ulifikiri."

Jana tulitoka tena, barabara ileile. Kwenye baa 1 kamili westigeti ilifunguka na kunguruma kama nilivyoota, na mshale ukasimama pale ukitetemeka kidogo, ukakaa. Sikuinua kidole. Kilikuwa kimefungwa bandeji. Jamaa hakurekodi, alisema simu imejaa.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikiandika ukweli wote mwenyewe, ataifuta ile video. Nimeandika. Amenijibu sasa hivi kwamba ameifuta kama alivyoahidi, na kwamba nakala iliyo kwa mke wangu haikuwa sehemu ya makubaliano. Mke wangu naye anauliza jina la utani la gari lilikuwa nani vile.