Wavu au nyuzi kwa kizazi kilichoshuka? Hesabu ya mama wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanaume akifanyiwa upasuaji wa ngiri akawekewa wavu, yaani kipande cha plastiki iliyofumwa cha kuimarisha sehemu iliyolegea, hakuna anayeshtuka. Jaribio lililofanyika Uganda na matokeo yake kuchapishwa 2016 lilionyesha kwamba hata wavu wa bei nafuu, uliokatwa kwenye kitambaa cha chandarua, ulifanya kazi vizuri kama ule ghali wa kiwandani. Kwa hiyo mama wa Rungwe ambaye mumewe alipona ngiri kwa wavu ana haki ya kuuliza: mbona mimi niliyeshuka kizazi, kikateremka ukeni, naambiwa nitashonwa kwa nyuzi tu?

Jibu linalotolewa haraka haraka ni kwamba wavu umepigwa marufuku huko Ulaya na Marekani. Ni kweli nusu. Aprili 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru kampuni ziache kuuza wavu unaowekwa kupitia ukeni kwa ajili ya tatizo hili, kwa sababu zilishindwa kuthibitisha kuwa ni salama na unasaidia kuliko kushona. England ilikuwa imeshasitisha matumizi yake Julai 2018. Lakini wavu unaowekwa kupitia tumboni haukuguswa na amri ile ya Marekani. Ukichanganya njia hizi mbili, mjadala mzima unapotea.

Walioleta wavu hawakuwa wajinga. Operesheni ya kawaida ni kukaza kuta za uke zilizolegea na kushikiza sehemu ya juu kwenye kano za nyonga kwa nyuzi, mara nyingine pamoja na kuondoa kizazi. Shida ni kwamba daktari anategemea nyama ileile iliyokwisha kuchoka. Utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa 1997 ulikuta karibu operesheni 3 kati ya 10 za kushuka kwa viungo vya nyonga na kuvuja mkojo zilikuwa za marudio. Daktari yeyote anayeona wagonjwa wake wakirudi lazima atafute kitu imara zaidi.

Na hoja hiyo ina uzito zaidi huku kwetu kuliko Oregon. Utafiti uliofanyika mkoa wa Kilimanjaro na kuchapishwa 2018 ulihusisha tatizo hili na kuzaa mara nyingi, kujifungulia nyumbani na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi. Hayo ni maisha ya Makete, Uporoto na Kilolo, huku Nyanda za Juu Kusini, vilevile. Mama anaruhusiwa hospitali na maelekezo ya kutobeba kitu kizito kwa wiki 6 au zaidi. Anafika nyumbani, maji yako bondeni, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na msimu wa viazi haumsubiri mtu. Nani anashangaa mshono ukilegea?

Sasa tuangalie namba. Jaribio la nchi za Nordiki (Sweden, Norway na jirani zao) la 2011 lililinganisha wavu na kushona kwa wanawake ambao ukuta wa mbele, upande wa kibofu, ndio ulioshuka. Baada ya mwaka mmoja, waliofanikiwa walikuwa asilimia 60.8 kwa wavu na 34.5 kwa kushona. Ushindi mnono. Ila kibofu kilitobolewa kwa asilimia 3.5 ya waliowekewa wavu, dhidi ya 0.5 kwa wengine. Kisha likaja jaribio kubwa la Uingereza, likachapishwa mwishoni mwa 2016. Hili liliwauliza wanawake wenyewe wanajisikiaje, na baada ya miaka 2 walioongezewa wavu hawakuwa na nafuu kuwazidi walioshonwa. Zaidi ya 1 kati ya 10 kwenye kundi la wavu alikuwa amepata madhara yatokanayo na wavu wenyewe.

Kinachofaa kwenye kinena kinashindikana ukeni kwa sababu ya mahali. Wavu wa ngiri unalala chini ya ngozi na tabaka za misuli. Ukuta wa uke ni mwembamba, una unyevu na bakteria, na unavutwa kila siku. Plastiki inaweza kuula hadi ukingo wake ukachomoza. Mama anaona uchafu wenye damu, tendo la ndoa linakuwa maumivu, na wakati mwingine mume ndiye wa kwanza kulalamika kuwa kuna kitu kinamchoma.

Hapo ndipo mimi nalipa swali hili uzito kuliko zile asilimia: atautoa nani? Nyama huota ndani ya matundu ya wavu, ndivyo ulivyotengenezwa, kwa hiyo kuutoa si kazi ya dakika tano. England imelazimika kuteua vituo maalumu kwa ajili hiyo. Mshono uliolegea unaweza kushonwa upya na daktari bingwa wa wanawake. Wavu uliokula kibofu miaka minne baadaye, kwa mama aliyeko kijijini ambako nauli ya kufika Mbeya mjini inachangwa, ni balaa la aina nyingine kabisa.

Kwa hiyo kwa operesheni ya kwanza, nyuzi. Wavu wa kupitia tumboni, unaoshikiza sehemu ya juu ya uke kwenye mfupa wa chini ya mgongo, ninaukubali kwa aliyeshonwa akashuka tena, kwa daktari aliyeuzoea na hospitali inayofuatilia wagonjwa wake. Operesheni yenyewe ni kubwa zaidi, na madhara ya wavu hayaishi, yanapungua. Bibi asiyehitaji tena tendo la ndoa ana njia nyepesi: kufungwa uke, na mara chache sana tatizo hurudi. Na kabla ya kisu chochote kuna pesari, kipete cha silikoni kinachovaliwa ukeni kushikilia kizazi. Sielewi kwa nini kinatajwa mwishoni, kama kinatajwa.

Aliyekwisha kuwekewa wavu na hana shida yoyote hahitaji kuutoa. Aende kliniki kama kawaida, na aombe nakala ya maelezo ya operesheni inayotaja aina ya wavu na njia uliopitia, maana daktari atakayemwona siku akianza kutokwa damu huenda asiwe yule aliyeuweka.