Niacheni na Chucky wangu wa 1988

Jamani, mtu akitaka kutazama tena filamu iliyomnyima usingizi utotoni, kakosea wapi? Natafuta Child's Play ya 1988, naletewa ya 2019, ambamo Chucky ni roboti! Mimi roboti wa nini? Chucky wangu ni mdoli mwenye roho ya muuaji, imemwingia kwa uchawi!

Haya, nimeipata. Mama wa kwenye filamu anashika boksi la mdoli, betri zinadondoka sakafuni, mpya kabisa. Kumbe siku zote Chucky anaongea bila betri! Anamgeuza taratibu, anafungua kifuniko cha mgongoni, kitupu. Nimeng'ang'ania mto, vilevile tulivyong'ang'aniana kwenye banda la video, watoto kumi benchi moja. Mara paap! Tangazo la sabuni. Sabuni, jamani! Sekunde hiyohiyo! Hawana saa nyingine ya kufua? Likiisha, hofu imeshapoa kama chai ya jana.

Halafu mpwa wangu, macho kwenye simu: "Anko, mbona anaonekana plastiki?"

Ni mdoli! Ulitaka awe wa nyama? Uso ule waliuchezesha watu kwa mitambo, nyusi kwa nyusi, mdomo kwa mdomo. Weka simu chini, zima taa, tuanze upya!