Kilomita Ndizo Zinazokula Fedha za Kurejeleza Taka Vijijini

Mjini lori la taka husimama kila baada ya hatua chache. Mapipa yamepangwa kando ya barabara, vijana wanamimina, lori linasogea kidogo, wanamimina mengine. Sasa lipeleke vijijini. Linaiacha nyumba ya kwanza, linakula vumbi kilomita mbili, linakuta pipa moja kwenye njia panda. Ndani mna maboksi yaliyokunjwa, makopo na chupa tatu za plastiki. Dereva anavuta breki ya mkono, utingo anashuka, anamimina, anapanda tena. Alichomimina sehemu kubwa ni hewa, na nyumba inayofuata haionekani hata kwa mbali.

Naanzia hapo kwa sababu kila bajeti ya halmashauri inapobana, huduma hii ya kukusanya taka za kurejelezwa ndiyo hufikiriwa kukatwa mwanzo, na lawama huangukia wanavijiji: eti hawatenganishi taka, eti hawana mwamko. Sikubali. Pipa lile la njia panda limetenganishwa vizuri kabisa. Tatizo ni fedha za kulifikia na chanzo chake.

Chanzo kibovu kuliko vyote ni kutegemea mauzo ya zile taka. Halmashauri nyingi za Marekani zilizoea hivyo kwa miaka mingi: karatasi na plastiki zinafungwa marobota, zinasafirishwa China, fedha zinarudi kulipia mafuta ya lori. Julai 2017 China ililiarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itafunga mlango kwa aina 24 za taka, na mwanzoni mwa 2018 ikafunga kweli. Miezi michache baadaye ikashusha kiwango cha uchafu kinachokubalika kwenye marobota mengine mengi hadi 0.5%. Bei zikaanguka. Halmashauri zilizokuwa zinalipwa zikajikuta zinalipa ili marobota yao yapokelewe, na nyingi zikasitisha huduma, hasa zile ndogo ambazo hazikuwa na akiba. Familia zilizofundishwa kwa miaka kuosha makopo zikaambiwa zitupe kila kitu pamoja. Hilo linaniuma hadi leo, maana mazoea ya namna hiyo ukiyavunja mara moja, kuyajenga upya ni kazi ya kizazi.

Kuna kodi ya majengo na fungu kuu la halmashauri. Ni chanzo tulivu, lakini humo taka zinagombania nafasi na shule, barabara na zahanati, na sioni diwani atakayesimama kutetea pipa mbele ya zahanati.

Ada ya kila kaya ni afadhali, mradi iwe sawa kwa wote wanaofikiwa na lori mlangoni. Ipo pia ya kulipa kulingana na mifuko unayotupa, ambayo mjini huwasukuma watu kutenganisha. Vijijini mimi naiogopa ikitumika peke yake. Mtu mwenye eneo kubwa na kiberiti mfukoni ana njia nyepesi ya kukwepa ada, na moshi wa plastiki tunaujua. Sehemu kubwa ya ada iwe ya kudumu, ya mfuko iwe nyongeza ndogo tu.

Uingereza ilianza mwaka 1996 kutoza kodi kila tani inayofukiwa dampo. Naipenda, kwa sababu dampo likiwa ghali, safari ya lori la kurejeleza haionekani tena kuwa anasa. Ila fungu la huduma lisisimame juu ya kodi hiyo pekee: kadiri kazi inavyofanikiwa na taka za kufukiwa zinavyopungua, ndivyo mapato yake yanavyopungua.

Anayekosekana mezani ni aliyetengeneza chupa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na viwanda vimeubeba hivyo mzigo huu kwa muda mrefu mno. Ujerumani ilivibana tangu 1991, vikagharamia ukusanyaji wa vifungashio vyao. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilifuata mwaka 2014, na Maine ikawa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya aina hiyo kwa vifungashio, mwaka 2021.

Lakini hata hapo vijiji vinaweza kupunjwa, na hili ndilo ninalotaka tulishikilie. Ukizigawa fedha hizo za viwanda kwa halmashauri kwa tani, mji unachukua karibu zote. Ukilipa kiwango kimoja kwa kila kaya, yenye nyumba zilizotawanyika inabaki na deni. Mfumo ulioanza kulipa halmashauri za England mwaka 2025 huzingatia, pamoja na mengine, kama eneo ni la vijijini. Mimi ningeenda mbali zaidi, nikahesabu kilomita za njia yenyewe.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Halmashauri mbili jirani zinaweza kumiliki mashine moja ya kufunga marobota. Lori lipite kila wiki ya pili. Chupa za kioo, ambazo ni nzito, bei yake ndogo na zikipasuka huharibu karatasi, zipelekwe kituo cha kukusanyia taka. Na nyumba zilizo mbali mno zipewe pipa la pamoja njia panda, huku ada yao ikipunguzwa, kwa kuwa wao ndio wanaobeba sehemu ya safari.

Kwa hiyo siku utakapoletewa pendekezo la kufuta huduma, omba kwanza daftari la safari za lori: kilomita, lita za mafuta, idadi ya nyumba, na safuwima moja ya mwisho inayoonyesha viwanda vimelipa kiasi gani.