Historia ya Stowe Isiishie Kwenye Lango la Bustani

Kinachonikera katika masimulizi mengi ya kasri la Stowe, huko Buckinghamshire, Uingereza, ni jinsi yanavyotoka kwenye fahari, yakapitia ufilisi na kutua kwenye shule iliyomo humo leo, kana kwamba fedha za ukoo wa Temple-Grenville, uliolimiliki, zilijiotea zenyewe. Msomaji huambiwa kwamba Lancelot Brown, mbunifu mashuhuri wa bustani, aliongoza watunza bustani hapo kuanzia mwaka 1741, na kwamba Malkia Victoria alikaribishwa humo mwaka 1845. Huambiwa pia habari za mnada wa mwaka 1848, uliochukua siku 40, baada ya Duke wa pili wa Buckingham na Chandos kuzama katika madeni yaliyozidi pauni milioni moja. Yote hayo ni kweli.

Lakini lilikuwapo pia shamba la miwa lililoitwa Hope, katika wilaya ya St Andrew, Jamaica. Liliingia katika ukoo kwa ndoa ya mwaka 1796, pale Richard, aliyekuja kuwa Duke wa kwanza, alipomwoa Anna Eliza Brydges. Utumwa ulipofutwa na Bunge la Uingereza likaamua kulipa fidia, aliyelipwa ni Duke huyo: zaidi ya pauni 6,600 kwa ajili ya watu 379. Wenyewe waliotokwa jasho hawakuambulia hata senti, na sheria iliyofuta utumwa iliwafunga watumwa wazima wa mashambani waendelee kuwatumikia mabwana walewale hadi mwaka 1840, kwa jina la uanagenzi, ingawa uanagenzi huo ulikomeshwa mapema, mwaka 1838. Wakati huo wote, katika bustani ya Stowe lilikuwa limesimama hekalu la mawe ya rangi ya kutu, lililobuniwa na James Gibbs na kuwekwa wakfu kwa uhuru wa mababu. Uhuru wa mababu wa nani? Swali hilo linaniumiza, na sioni kwa nini lisiwaumize wanaolipita hekalu hilo kila siku.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kasri lilikwisha kusimama kabla ya Hope kuingia mikononi mwa ukoo. Nakiri pia kwamba shule ndiyo iliyoliokoa: mali ilipouzwa mwaka 1921 lingeweza kabisa kubomolewa, lakini Mei 1923 shule ya bweni ilianza humo na wavulana 99 chini ya mwalimu mkuu J. F. Roxburgh.

Hata hivyo, kuwapo kwa shule ndiko kunakonifanya nisinyamaze. Mgeni wa siku moja hutazama nguzo na sanamu akaenda zake, ilhali mwanafunzi wa bweni hulala, hula na kukulia humo, na kabla mwalimu hajafungua kinywa, kuta zimekwisha kumfundisha ni nani anayestahili kukumbukwa. Nguzo zibaki, wala sina ugomvi nazo. Kuanzia mwaka 1817 wenye watumwa Jamaica walitakiwa kuwaandikisha watumwa wao katika daftari, kila mmoja kwa jina, umri, na kama alizaliwa Afrika au kisiwani. Daftari hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa huko Kew, London. Watu wa Hope wasomwe Stowe kwa majina yao, na wasomwe katika somo la historia ya nyumba hiyohiyo, wala si katika somo la nchi za mbali.