Ukuzaji wa mara elfu si hoja

Ukimwambia mtu kwamba una hadubini nyumbani, swali lake la kwanza litakuwa: inakuza mara ngapi? Wauzaji wanalijua swali hilo vizuri, ndiyo maana boksi la hadubini ya plastiki ya watoto huandikwa 1200x kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Mimi naona ni swali baya, na limewafanya watu wengi kununua takataka, wakatazama wiki moja, wakaona ukungu mtupu, kisha wakaamua kwamba mambo haya ni ya wenye maabara.

Kukuza ni kazi rahisi. Chukua hadubini yoyote yenye lenzi ya kitu ya 40x, yaani lenzi ile ya chini inayokikaribia kitu kinachotazamwa, kisha ondoa lenzi ya jicho ya 10x uweke ya 25x. Tayari una mara elfu moja. Utakachoona ni picha ileile ya mwanzo, kubwa zaidi, yenye giza zaidi na isiyo na jambo jipya hata moja.

Sababu imeandikwa ubavuni mwa lenzi yenyewe. Utakuta namba mbili zikifuatana, mathalani 40/0.65. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili huitwa NA, nayo inaeleza lenzi inaweza kupokea mwanga wa pembe pana kiasi gani. Hiyo ndiyo inayoamua utaona nini. Ernst Abbe, mwanafizikia Mjerumani aliyefanya kazi na mtengenezaji wa hadubini Carl Zeiss mjini Jena, alilieleza jambo hili mwaka 1873: umbali mdogo kabisa ambao hadubini inaweza kuutenganisha hupatikana kwa kugawa urefu wa wimbi la mwanga kwa NA mara mbili. Kanuni hiyo imechongwa kwenye mnara wake wa kumbukumbu hukohuko Jena. Kwa mwanga wa kijani, wenye mawimbi ya nanomita 550, lenzi ya 0.65 inagota kwenye maikromita 0.42 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita, nayo ni nanomita elfu moja). Nukta mbili zikikaribiana kuliko hapo zitaonekana nukta moja, hata ukizirusha kwenye skrini inayojaza ukuta. Ndiyo maana wazoefu husema ukuzaji wenye faida hauzidi NA mara elfu moja. Kwa lenzi hiyo ni mara 650 hivi. Kinachozidi hapo ni hewa.

Hadubini ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta zimezidisha mchezo huu. Ukuzaji wanaoutangaza huhesabiwa kwa ukubwa wa picha kwenye skrini, kwa hiyo ukinunua skrini kubwa zaidi "hadubini" yako imeongezeka nguvu bila wewe kuigusa.

Basi pesa na akili viende wapi? Kwenye mwanga. Chini ya meza inayowekewa slaidi kuna kifaa ambacho wengi hawakigusi tangu siku walipofungua boksi: kondensa. Kazi yake ni kukusanya mwanga wa taa na kuupeleka kwenye kitu kwa pembe pana. NA iliyoandikwa kwenye lenzi ni ahadi, na anayeitimiza ni kondensa. Ukiishusha hadi mwisho, au ukiibana mno dayaframu yake, yaani lile tundu la kupitisha mwanga linaloweza kupanuliwa na kufungwa, lenzi ya 0.65 hupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kutofautisha vitu. Umelipia lenzi nzuri, unatumia nusu lenzi.

August Köhler, mwanasayansi Mjerumani, alieleza mwaka 1893 namna ya kupanga taa, lenzi na dayaframu mbili ili mwanga uenee sawasawa. Nia yake ilikuwa kupata picha safi za kamera. Hadubini nyingi za nyumbani hazina dayaframu ya pili, lakini sehemu kubwa ya faida hupatikana bila hiyo. Pandisha kondensa mpaka ikaribie slaidi. Lenga picha ionekane wazi. Kisha chomoa lenzi ya jicho na uchungulie ndani ya bomba tupu: utaona duara la mwanga. Funga dayaframu polepole mpaka ukingo wake uingie ndani ya duara hilo na kuacha robo tatu hivi, au zaidi kidogo, ikiwa nyeupe. Rudisha lenzi ya jicho. Ukibadilisha lenzi ya kitu, rekebisha tena. Ni kazi ya sekunde chache, na sijui jambo lingine la bure linaloibadilisha picha kiasi hicho.

Kosa ninaloliona sana ni la kutumia dayaframu kupunguza ukali wa mwanga. Kwa hilo kuna kitufe cha taa. Naelewa kishawishi kinatoka wapi: seli za shavu na viumbe vya majini ni angavu, havina rangi, na ukifunga dayaframu ghafla vinajitokeza. Ila vinajitokeza vikiwa vimezungukwa na mistari minene myeusi ambayo haipo kwenye kiumbe chenyewe, na wapo wanaoichora kwa uangalifu mistari hiyo na kuipa majina.

Njia bora ya kuvitoa viumbe angavu mafichoni ni kugeuza mwelekeo wa mwanga. Kata duara la karatasi nyeusi, libandike katikati ya kipande cha plastiki angavu, ukiweke chini ya kondensa pale panapowekwa vichujio, kisha fungua dayaframu yote. Mwanga wa katikati umezibwa. Unaofika kwenye kitu unatoka pembeni tu, na lenzi inapokea ule tu uliogonga kitu ukapinda. Ni kama vumbi linavyong'aa kwenye mwali wa jua unaoingia chumbani. Paramesiamu, kiumbe wa majini wa seli moja, aliyekuwa kivuli cha kijivu anawaka kama fedha kwenye usiku mweusi, na unaona vinyweleo vyake vikipiga maji. Ukubwa wa duara hutegemea lenzi, nao hauhitaji kukokotolewa: chungulia tena ndani ya bomba tupu, na karatasi ikiziba duara lote la mwanga kwa ziada kidogo, imetosha. Kwa lenzi za 4x na 10x ni rahisi mno. Kwa 40x utahangaika kidogo.

Mtaalamu wa hadubini Julius Rheinberg aliichezea njia hiyohiyo mwaka 1896, akaweka plastiki za rangi mahali pa karatasi nyeusi: bluu katikati, nyekundu au njano pembeni, na kiumbe akatokea na rangi moja juu ya mandhari ya nyingine. (Zilikuwa vioo na jelatini wakati wake, plastiki ni yetu sisi.) Kuna njia ya uvivu zaidi, nayo ndiyo ninayoitumia kuliko zote: ziba upande mmoja wa kondensa kwa kipande cha kadi. Mwanga ukiingia kwa mshazari, seli bapa inaonekana imechongwa, ina mgongo na kivuli. Frits Zernike alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953 kwa njia yake ya kuzifanya seli angavu zionekane bila kuzitia rangi, na vifaa vya njia hiyo ni ghali hadi leo. Sisemi kadi inashindana naye. Ila kwa anayetazama maji ya dimbwi jioni, kadi inatosha zaidi ya watu wanavyodhani.

Halafu kuna polaroidi, plastiki inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Vipande viwili vya plastiki hiyo, kimoja juu ya taa na kingine juu ya lenzi ya jicho. Zungusha kimoja mpaka pote pawe peusi. Sasa weka wanga wa kiazi uliokwanguliwa kwa kisu ukatiwa tone la maji: kila chembe ya wanga inabeba msalaba mweusi katikati ya mwanga. Yeyusha kidonge cha vitamini C, acha tone likauke kwenye slaidi, na utapata fuwele zenye rangi ambazo hakuna aliyezipaka. Mtu akitaka kumvutia rafiki asiyejali sayansi, aanze na hii.

Kwenye slaidi sitakawia, isipokuwa kwa jambo moja ambalo linachukuliwa kirahisi mno: kile kifuniko chembamba cha kioo. Lenzi nyingi zimeandikwa 160/0.17. Hiyo 160 ni urefu wa bomba kwa milimita, na 0.17 ni unene wa kifuniko ambao lenzi ilitengenezewa. Lenzi ya 40x inaudai unene huo kwa ukali. Tazama bila kifuniko, au geuza slaidi juu chini, na picha itakuwa ya maziwa hata ulenge vipi. Tone la maji likizidi, kifuniko kinaelea na viumbe vinazama mbali na lenzi, kwa hiyo nyonya maji ya ziada kwa ncha ya karatasi laini. Wale wenye mbio wafungie ndani ya nyuzi chache za pamba zilizochambuliwa. Vaselini ikipakwa kuzunguka kingo za kifuniko huzuia maji kukauka, nawe unaweza kumfuatilia kiumbe mmoja kwa muda mrefu.

Viumbe wenyewe hawana shida ya kupatikana. Loweka majani makavu kwenye maji ya dimbwi kwa siku kadhaa na utapata bakteria, kisha wawindaji wa bakteria, kisha wawindaji wao. Vile vimea vifupi vya kijani vinavyotambaa kwenye kuta zenye unyevu na magome ya miti, vikilowekwa na kukamuliwa, hutoa rotifa, wanyama wadogo mno wa majini, na ukibahatika taradigradi, yule anayeitwa dubu wa maji, ambaye kwa kawaida hafiki hata nusu milimita. Nawa mikono ukimaliza. Na kama hadubini yako inatumia kioo badala ya taa, usikielekeze kwenye jua hata mara moja. Jicho halina kipuri.

Sasa niwaudhi wapenzi wa lenzi ya 100x. Hii ndiyo inayofanya kazi na tone la mafuta kati yake na kifuniko, yenye NA ya 1.25, na inatenganisha hadi maikromita 0.22 hivi. Ni lenzi nzuri, nami sina ugomvi nayo. Ila kwa anayeanza ni mtego. Anaitumia bila mafuta, haoni kitu. Anaitumia kwa mafuta, kisha anazungusha lenzi arudi kwenye 40x, na ile 40x inajipaka mafuta ambayo haikuumbiwa nayo, yanakauka, na kuanzia siku hiyo anasema lenzi yake "imechoka". Lenzi ya 40x isiyoonyesha vizuri, mara nyingi, ni lenzi chafu tu: puliza vumbi kwanza kwa hewa, kisha pangusa taratibu kwa karatasi ya lenzi. Shati ni adui. Karibu kila kilichonifurahisha kwenye maji ya dimbwi kinaonekana kati ya 10x na 40x. Anayetaka kuhesabu mistari ya diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda gumu, au kutazama maumbo ya bakteria ndiye mwenye sababu ya kufungua chupa ya mafuta.

Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, mfanyabiashara wa vitambaa, aliandika kuhusu viumbe wadogo wa majini mwaka 1676 na mwaka 1683 akaeleza bakteria waliotoka kwenye utando wa meno. Alitumia lenzi moja ndogo iliyobanwa kwenye bamba la chuma. Mojawapo ya zilizobaki hukuza takribani mara 270. Alikiri kwamba njia yake bora ya kutazama aliiweka siri. Nadhani siri hiyo ilikuwa kwenye mwanga kuliko kwenye kioo. Hata Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake wa Stanford, hukuza mara 140 tu, na ningemshauri mtu aichukue hiyo kabla ya boksi lililoandikwa 1200x.

Kwa mtoto, au kwa mtu ambaye hapendi kuandaa slaidi, ningechagua hadubini ya stereo, ile ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 40. Unaweka mdudu, mchanga, ua au kidole chako chini yake na kukiona kikiwa na kina, bila kukata wala kufunika chochote.

Anayetaka hadubini ya kawaida na hana pesa nyingi, atafute ya chuma iliyotumika, iliyowahi kuwa ya shule au maabara, badala ya mpya ya plastiki. Skurubu za kulenga zikiwa ngumu si ugonjwa wa kufa. Mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda, na husafishika. Kuvu ndani ya lenzi ndiyo ya kuogopa: nyuzinyuzi zinazotambaa kwenye kioo, ambazo huacha alama hata zikiuawa. Angalia kama kondensa inapanda na kushuka na kama dayaframu inafunguka na kufunga bila kukwama. Usichanganye lenzi zilizoandikwa 160 na zile zenye alama ya ∞, kwani zimetengenezewa mabomba tofauti. Na muuzaji akikukataza kuchomoa lenzi ya jicho na kuchungulia ndani ya bomba, muachie hadubini yake.