Mayungiyungi Yale Hayakupandwa kwa Ajili Yangu

Kuna mtu kwenye kundi letu la wachukua mzigo amenitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, wa kunisimanga tu. Kosa langu ni picha. Niliweka picha nimekaa kwenye boti, mfereji wa huko Nakhon Pathom, mkoa jirani na Bangkok, Thailand, nyuma yangu mayungiyungi mpaka macho yanapokoma. Akasema: mtu una viza, una hela ya mzigo, soko la Pratunam pale Bangkok liko wazi, unakwenda kuangalia wakulima? Wakulima si tumewaacha kwetu? Halafu akacheka kile kicheko cha mwenye fremu mbili Kariakoo.

Sikumjibu kule. Kwenye lile kundi ukizidisha mistari miwili watu wanakuuliza kontena limefika wapi. Namjibu hapa, kwangu, ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Na nianzie pale alipo sahihi, maana nisipoanzia hapo hatasoma. Mashamba nayajua. Nimekulia Kyela, nimeamia ndege kwenye mpunga wa bibi mpaka sauti ikakauka, na ruba wa kule wananifahamu kwa jina. Kama haja ilikuwa kuona jani la mpunga, nauli ya basi ingetosha na chenji ingebaki ya kununua kokoa. Hilo nimempa. Lingine lolote simpi.

Jumamosi ile mzigo wangu ulikuwa umeshapimwa, mabegi ya shangazi kaja yameshapigwa seloteepu, ndege ni kesho yake usiku. Chumba cha Pratunam mnakijua: ukitaka kufungua begi, mwenzako apande kitandani kwanza. Nikaona nikibaki humo nitaanza kununua vitu visivyouzika. Nikavuka mto Chao Phraya hadi stesheni ya Thonburi, nikapanda treni ya daraja la tatu, madirisha wazi, nauli ya chapati. Mji ukaanza kupungua kidogo kidogo, ghorofa zikawa nyumba, nyumba zikawa migomba. Nikashuka Salaya.

Pale kuna hekalu kando ya mfereji, Wat Suwannaram, na gati dogo. Mezani amekaa mama mmoja na daftari. Bei imeandikwa ubaoni, ni ya boti nzima wala si ya kichwa, na boti zinaondoka kwa foleni. Hakuna mpiga debe. Hakuna wa kukushika mkono. Nilisubiri mtu aje aniambie kwamba ile bei ya ubaoni ni ya wenyeji, mimi mgeni nina yangu, hakuja. Nikaunganishwa na familia moja ya Kithai, baba, mama, bibi na watoto, tukagawana gharama, tukaondoka.

Boti yenyewe ni ya mbao, nyembamba, na nyuma kumefungwa injini ya gari iliyo uchi kabisa, bila boneti wala aibu. Kwenye injini umetoka mtaimbo mrefu wa chuma wenye rafadha mwishoni. Nahodha akitaka kukata kona anaizungusha injini nzima kwa mikono yake, na akitaka kupita penye magugu anauinua mtaimbo juu ya maji, rafadha inazunguka hewani inakurushia matone. Wanaoiita hii safari ya utulivu hawajakaa benchi la nyuma. Mimi nilikaa. Sikio la kulia lilirudi kazini jioni.

Mfereji unaitwa Maha Sawat. Ulichimbwa zama za Mfalme Mongkut, yule aliyetawala 1851 hadi 1868, ili watu wa Bangkok wafike kwa maji kwenye Phra Pathom Chedi, lile kuba la Wabudha la mita 120 hivi pale mjini Nakhon Pathom. Tena ulifungua bonde la huku na huku likawa la mpunga, na kwa upande wa magharibi umeungana na mto Tha Chin. Kandokando yake yalijengwa mabanda ya wasafiri kupumzikia, na moja lilikuwa na maandishi ya dawa za asili, kwamba ukifika unaumwa, usome, ujitibu, uendelee. Sijawahi kusikia huduma ya afya nafuu kuliko hiyo.

Magugu maji nayo yapo. Ni yale yale ya Ziwa Victoria, maua ya zambarau mazuri na tabia mbaya. Wathai wanasema yaliletwa kutoka Java mwaka 1901 kwa msafara wa kifalme, kwa sababu yalipendeza machoni. Na kenge. Kenge wa kule hawana hofu na mtu. Mmoja alikuwa amejinyoosha kwenye ngazi za nyumba ya watu anaota jua, mkubwa kuliko mbwa. Nilipomwonyesha bibi wa ile familia akacheka akaziba mdomo. Kumbe huko nako kumwita mtu kenge ni ugomvi.

Sasa shamba la mayungiyungi.

Nahodha alizima injini, kimya kikatuangukia, tukagusa ngazi. Mwenye shamba ni mama wa makamo, kofia pana ya jua, shati la mikono mirefu la kampuni fulani ya mbolea, miguu ina matope hadi magotini. Alikuwa kazini. Alikuwa na fungu la machipukizi aliyoyakata asubuhi, mabua marefu, anayafunga kumi kumi ndani ya jani la yungiyungi lenyewe. Alituangalia, akatuinamia na viganja vyake viwili vimekutana, akaendelea kufunga. Kijana wake ndiye aliyepokea kiingilio, hela ndogo, akatuelekeza kwenye kidau cha upondo tujizungushie wenyewe.

Tuliporudi yule mama alikuwa amebakiza maua machache. Akanivutia karibu akanionyesha kazi moja. Anashika chipukizi lililofumba, anachukua petali ya nje, anaikunja ncha ya kwanza ndani, anaikunja ya pili, inakuwa pembetatu. Anaisukuma nyuma kwa kidole gumba, anahamia ya pili. Mzunguko ukiisha, ua lililokuwa kijani limepasuka ndani waridi, na limesimama hivyo bila pini wala gundi. Ndivyo yanavyopelekwa hekaluni. Mikono yake ilifanya kitu kile kwa muda wa mimi kutafuta simu mkobani. Nikajaribu langu. Akalitazama, akanipa lingine, kwa huruma.

Kisha gari likaja kwa barabara ya nyuma. Pikapu. Likapakiwa mafungu yale kwenda mjini, maana Pak Khlong Talat, soko la maua la Bangkok, haliulizi kama kuna mtalii aliyekuja leo. Siku takatifu za Wabudha, ambazo hufuata mwandamo wa mwezi, mayungiyungi hutakiwa sana, na kesho yake ilikuwa mojawapo. Yule mama akatuaga kwa kichwa, akarudi majini.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na mwenzangu mwenye fremu mbili asikilize vizuri. Yale maua yangekatwa tu. Ningekuja, nisingekuja, mvua ingenyesha, uwanja wa ndege ungefungwa, yangekatwa alfajiri na pikapu lingekuja. Kiingilio chetu kilikuwa nyongeza juu ya kazi iliyosimama yenyewe. Na kwa sababu hiyo hakuna aliyetuchezea ngoma. Hakuna aliyevaa nguo za kale ambazo mchana wa kawaida zimekunjwa sandukuni. Hakuna aliyetuimbia. Yule mama alitupa muda aliokuwa nao, ulipoisha akaenda zake, na mimi nilijisikia mtu niliyekaribishwa kwa jirani. Mteja unamjua anavyojisikia. Mimi ni mfanyabiashara, najua kumfanya mteja ajisikie mfalme, na najua ninachokiwaza moyoni wakati namfanyia hivyo.

Shamba likiwa linakula kwa wageni peke yao, mkulima anageuka mwigizaji. Anapanda kinachopigwa picha. Mti mmoja wa hiki, mti mmoja wa kile, na kibao. Niliwahi kupeleka rafiki zangu kwenye ziara ya viungo Unguja, shamba silitaji. Tukaonyeshwa mdalasini mmoja uliobanduliwa magamba mpaka unatia huruma, mvanila mmoja, mkarafuu mmoja, kijana akapanda mnazi anaimba, tukavishwa kofia na tai za makuti, tukamalizia mezani kwenye sabuni na manukato. Tukacheka sana, sikatai. Lakini nilimuuliza yule kijana wa mnazi shamba ni la nani, akaangalia pembeni. Bahashishi ndiyo mshahara. Na karafuu yenyewe, ile inayouzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ile iliyojenga majumba, kwa wingi wake iko Pemba, imeanikwa majamvini kando ya barabara, harufu yake inakuingia garini kabla hujaiona. Huko ndiko kuna watu wako kazini. Huko wageni wanapita haraka kwenda kupiga mbizi.

Sisemi watu wa Unguja waache. Mtu ana watoto, atavisha wageni makuti. Nasema tumezoea kudhani mgeni anataka maigizo, tunamwandalia maigizo, halafu tunashangaa kwa nini hela inaishia kwa mwenye basi. Mahali ambapo mkulima ana soko lake, mgeni anakuja kwa adabu ya mkulima. Mahali ambapo hana, anakuja kwa masharti ya wakala.

Najua nitakachoambiwa: Wathai wamebebwa. Ni kweli wamebebwa, kidogo. Ardhi ya huko ilikuwa ya kifalme. Mwaka 1975 Mfalme Bhumibol alitoa ardhi zake za mikoa kadhaa, Nakhon Pathom ukiwemo, ziingie kwenye mpango wa mageuzi ya ardhi, wakulima wagawiwe. Na ardhi ya mpango huo haiuzwi kiholela, unamrithisha mwanao. Kwa hiyo Bangkok imetanuka, vyuo na maghorofa vimefika Salaya, lakini ukingo wa mfereji bado unalimwa. Idara zao za kilimo nazo zina mkono. Haya, nimekubali. Ila hakuna mfalme aliyekuja kukunja yale maua. Na mafuriko ya 2011, yaliyozamisha upande ule wote, hayakuuliza ardhi ilitoka kwa nani. Okidi, maua mengine yanayolimwa huko, zilizolowa wiki nzima na zaidi zilikufa, na okidi mpya haitoi ua msimu huo huo. Watu walianza upya.

Okidi zenyewe tulizipitia: meza ndefu chini ya nyavu nyeusi, mizizi imekumbatia makumbi ya nazi, rangi za zambarau nyingi kuliko nilizokuwa nazijua. Nzuri. Baada ya mayungiyungi nilikuwa sina tena nafasi moyoni. Shamba la matunda tulizungushwa kwa kitrekta chenye tela ambacho ni wazi kilitengenezwa na mtu mwenye vipuri vingi na muda, tukala balungi tamu lisilo na uchungu wowote. Bonde la Nakhon Chai Si linasifika kwa hayo.

Lakini ukoko! Nyumba moja kando ya mfereji kazi yao ni ukoko. Wali wanautandaza mwembamba kwa umbo la duara, wanauanika juani kwenye chekeche mpaka ukauke, wanautia kwenye mafuta ya moto, unatutumka papo hapo, mweupe, unalia ukiuvunja. Wanaufunga pakiti, wanauza madukani. Kwetu ukoko ni wa kugombania watoto jikoni, au wa kumsema mke wa mtu. Wale wamesomeshea watoto. Niliwaza hilo nikiwa mdomo umejaa, na nikakumbuka mchele wa Kyela unavyosifiwa na kila mtu na kusagwa na kila mtu isipokuwa aliyeulima.

Maswali yenu najua yatakuwa ya aina moja, kwa hiyo nijibu mapema. Nendeni mwisho wa wiki, ndipo nyumba nyingi zinakuwa wazi kwa wageni. Nendeni asubuhi, jua la mchana kwenye boti isiyo na kivuli ni adhabu. Kiingereza ni kidogo, kidole kinatosha. Waislamu, ukoko mwingi hunyunyiziwa nyama ya nguruwe iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, inafanana kabisa na nazi iliyokaangwa, msidanganyike; wa kwao mtupu upo, onyesheni kwa mkono kabla hawajanyunyiza. Kaeni benchi la mbele. Na bebeni noti ndogo, yule mama wa daftari ukimpa ya bati 1,000 saa tatu asubuhi atakutazama kama umemtukana.